Parasite: Seoul maskini anashuka ngazi, Bukavu maskini anapanda (uzi mrefu)

MtotoWaKadutu

Wakubwa kwa wadogo, salamu kutoka Bukavu, mashariki mwa Kongo. Uzi ni mrefu na unafichua mwisho wa filamu. Kama hujaiona, nenda kaione kwanza, utatukuta hapahapa.

Parasite, filamu ya Kikorea ya Bong Joon-ho, nimeiona mara nne. Mara ya kwanza ilikuwa 2020, wakati dunia nzima inaiongelea. Ilikuwa imeshabeba Palme d'Or ya Cannes mwaka 2019, halafu ikachukua Oskari nne, mojawapo ya filamu bora, tuzo ambayo haikuwahi kwenda kwa filamu isiyo ya Kiingereza. Niliiangalia peke yangu, vipokea sauti masikioni, nikatoka na maneno makubwa ya chuoni: matabaka, ubepari, mfumo. Mara ya nne ni Jumamosi iliyopita, kwa Mama Mkubwa pale Kadutu. Watu saba chumba kimoja, kompyuta juu ya ndoo iliyopinduliwa, umeme umekwenda tangu asubuhi na betri tunaihesabu kama pesa. Filamu imetiwa sauti za Kifaransa, mimi natafsiri, Mama Mkubwa anachambua maharagi.

Kwa ufupi: kina Kim ni maskini wanaoingia kwa hila kufanya kazi kwa matajiri, kina Park. Familia ya Kim ilikuwa bado inakunja maboksi ya piza wakati yeye aliposema: "Hawa batu banakaa chini hivi, mvua ikinyesha banakimbilia wapi?"

Ilikuwa dakika ya kumi hivi. Mvua yenyewe inakuja baada ya zaidi ya saa nzima.

Nikanyamaza, maana mimi mvua hiyo niliiona mara tatu bila kuitarajia hata siku moja. Kina Park wanakaa juu, na ukifika getini bado unapanda ngazi kufika kwenye bustani. Kina Kim wanakaa nusu chini ya ardhi: dirisha liko usawa wa barabara, mlevi anakuja kukojolea hapo, na choo kimewekwa juu karibu na dari kwa sababu bomba la maji machafu liko juu kuliko sakafu yao. Usiku wa mvua, baba na watoto wake wawili wanatoroka nyumbani kwa Park na kuanza kushuka. Ngazi, barabara, njia ya chini, ngazi tena, na maji yanateremka pamoja nao, mpaka mtaani kwao ambako watu wanatembea ndani ya maji ya kifuani. Hakuna mhusika anayesimama kutoa hotuba kuhusu tajiri na maskini. Mteremko umeshasema.

Sasa tazama kwetu. Bukavu ni kama mkono uliochovya vidole vitano Ziwa Kivu. Enzi za Costermansville, jina la kikoloni la mji huu, Wabelgiji walijichukulia vidole, yaani rasi zote zenye upepo wa ziwa, na Mwafrika wakamweka mlimani Kadutu, baadaye Bagira. Wabelgiji waliondoka, ramani ikabaki. Mpaka leo ukitaka kuona bustani na ukuta mrefu unashuka Muhumba au Labotte, na ukimaliza kazi ya watu unapanda kurudi kwako. Mama Mkubwa alipanda hivyo miaka mingi, mzigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Ile kamba imemwachia alama, kama mstari, nywele hazioti hapo.

Kwa hiyo Bong angekuja kupiga filamu hii Bukavu ingembidi aigeuze kichwa chini. Ila maji asingeyagusa. Kule Seoul maji yanaingia ndani kwa maskini. Huku yanaondoka na nyumba yenyewe, mbao, mabati na waliolala ndani, na asubuhi mlima una jeraha jekundu pale palipokuwa na familia.

Na asubuhi hiyohiyo ya filamu mnaikumbuka? Mama Park yuko nyuma ya gari, anaongea na rafiki yake kwenye simu, anaishukuru mvua: imesafisha hewa, anga ni la buluu, tufanye sherehe ya mtoto. Ki-taek, baba wa kina Kim, anaendesha, amelala sakafuni ukumbi wa michezo na majirani zake waliofurikiwa, shati alilovaa ni la msaada. Mama Mkubwa aliacha maharagi. "Huyu mama, ule mwanaume anamusikia ama hamusikii?"

Anamsikia, Mama. Nawaachia uwanja.

Nyawera_Kijana

Mkubwa, umeandika vizuri lakini unawaonea huruma matapeli. Hebu tuite vitu kwa majina yake. Kijana katumia cheti cha chuo cha kughushi. Dada yake kaacha chupi yake kwenye gari ili dereva afukuzwe. Yule mtumishi wa zamani, Moon-gwang, wamemwagia manyoya ya pichi wakijua yanamdhuru, kisha wakamsingizia kifua kikuu. Dereva alikuwa tajiri? Mtumishi alikuwa tajiri? Park na mke wake kosa lao ni lipi? Wanalipa mshahara kwa wakati. Hapa Bukavu nitajie bosi watano wanaolipa kwa wakati, nikupeleke ukanywe Primus.

MtotoWaKadutu

Nyawera_Kijana, Primus naitaka hata hivyo. Lakini umenisaidia kusema nilichokuja kusema.

Watu wanaiita filamu ya vita kati ya tajiri na maskini. Hesabu ngumi. Karibu zote, mpaka ile sherehe ya mwisho, ni za maskini kwa maskini. Wanapigania nini? Siyo nyumba ya Park, nyumba ya Park hakuna anayeitamani kwa kweli isipokuwa usiku mmoja wa kunywa pombe yake. Wanapigania nafasi ya kuwa mtumishi wake. Familia mbili, kina Kim na Moon-gwang na mume wake aliyejificha chini ya nyumba, zinauana kwa ajili ya handaki moja, na mwenye nyumba hajui hata kama nyumba yake ina handaki.

Kuna sentensi inapita haraka, Ki-taek anasema siku hizi nafasi moja ya mlinzi inaombwa na vijana 500 waliomaliza chuo kikuu. Pale kwetu chumba kizima kilicheka, kicheko kile cha mtu aliyetajwa jina. Mpangaji wa Mama Mkubwa ana lisansi (shahada) ya sheria na ni sentineli wa usiku. Analinda duka.

Halafu sikilizeni hii, mimi niliikamata mara ya tatu. Mume wa Moon-gwang, yule wa handakini, alifilisika kwa duka la keki za Taiwan, akakimbia wadai. Ki-taek naye amepitia duka la keki hizohizo, likamfia. Wote wawili walikimbilia biashara moja wakati ilipokuwa moto. Wangeweza kuwa majirani wa meza kwa meza, kama hizi meza zetu za kutuma pesa kwa simu: mmoja akiweka mwavuli kona ya Nyamugo, wiki inayofuata miavuli ni kumi na wateja ni walewale. Tukianguka tunajiambia ule msemo wetu wa Kongo, Kifungu cha 15, jitegemee. Hakuna anayeuliza mbona wote tulisukumwa kwenye kona moja.

Mwalimu_Bagira

Niongeze kitu kidogo cha historia, maana kinafungua mlango. Zile nyumba za nusu chini Wakorea wanaziita banjiha. Miaka ya 1970 majengo yalitakiwa kuwa na sehemu ya chini ya kujihifadhi, kwa hofu ya Korea Kaskazini. Baadaye mji ukajaa, nyumba zikaadimika, sehemu hizo zikaruhusiwa kupangishwa.

Na handaki la nyumba ya Park? Moon-gwang anaeleza mwenyewe: matajiri hujenga handaki la kukimbilia vita ikija, au la kujificha wadai. Kwa hiyo maskini wote wa filamu hii, wa nusu chini na wa chini kabisa, wamepanga ndani ya hofu ya vita ya watu wengine.

Agosti 2022 mvua kubwa ilinyesha Seoul na watu wakafa kweli ndani ya banjiha, familia ya watu watatu katika nyumba moja. Mji ukatangaza kwamba nyumba hizo zitaondolewa hatua kwa hatua. Filamu ilikuwa imeshapata Oskari zake miaka miwili na nusu nyuma.

Kuhusu vita na nani anapanga ndani ya hofu ya nani, huku Kivu kila mtu atajaza mwenyewe. Mimi nimeishia hapo, uzi usifungwe.

Dada_Nguba

Aksanti Mwalimu.

Mimi nimefanya kazi za ndani miaka sita kabla ya kuolewa. Nyawera_Kijana, mdogo wangu, unauliza kosa la Park ni lipi. Jibu alilitoa mama Kim, Chung-sook, wakiwa wamelewa sebuleni. Mumewe anasema hawa ni matajiri lakini wema. Anamkatiza: ni wema kwa sababu ni matajiri, na mimi ningekuwa na pesa hizi ningekuwa mwema kuwashinda. Pesa ni pasi, anasema, inanyoosha mikunjo yote.

Ile pasi naijua, niliisukuma mimi, ya makaa. Mama niliyemfanyia kazi hakuwahi kupaza sauti. Hakuhitaji. Anayepaza sauti ni yule mwenye nguo moja, ikiungua hana nyingine.

MwanaWaBwayeri

Nimesoma uzi huu tangu jana, nikafuta nilichoandika mara mbili. Ngoja nijaribu tena.

Mimi nimekulia kwenye bwayeri. Kwa wasiojua: zile nyumba za kikoloni za kwenye rasi, nyuma yake kuna vyumba viwili vidogo vya watumishi. Hiyo ndiyo bwayeri. Baba yangu alikuwa mpishi wa familia moja, majina nayaacha. Chumba chetu kilijengwa kikilipa ziwa mgongo. Tulikaa hatua thelathini kutoka Ziwa Kivu na dirisha letu lilitazama ukuta. Ziwa nililiona nikienda shule.

Mama alikuwa anakaanga sambaza, dagaa wa ziwani, jioni. Mnajua harufu ya sambaza kwenye mafuta ya mawese, inapanda, inavuka ukuta, haiombi ruhusa. Siku za wageni, mama mwenye nyumba alimtuma mtoto wake, rika langu, tulikuwa tunacheza mpira pamoja. Anakuja mpaka mlangoni: "Mama anasema leo musikaange." Basi. Hakuna tusi. Mama anafunika karai, tunakula bugali na sombe (kisamvu) ya jana. Yule mama alinilipia minervali, ada ya shule, miaka mitatu, bila yeye nisingekuwa na diploma ya taifa, na hili nalisema kwa moyo wote.

Sasa kile kipande cha harufu. Mtoto mdogo wa Park ananusa na kusema hawa wote wananuka sawa. Jioni kina Kim wanajadiliana, labda kila mtu awe na sabuni yake. Binti yao Ki-jung anawaambia siyo sabuni, ni harufu ya nyumba yetu, mpaka tuhame. Niliposikia hivyo nilisimamisha filamu. Nilikuwa nafanya kazi ofisini mwaka wa pili, nina pafyumu, na kila nikipanda taksi ya watu watano nilikuwa bado nageuza uso kwenye kola ya shati langu kujinusa. Sikujua kwamba nafanya hivyo. Mke wangu ndiye aliyeniambia.

Kwa hiyo wanaouliza kwa nini Ki-taek alimchoma Park kisu wakati Park hakumpiga: binti yake yuko chini anatoka damu, mtu wa handakini yuko chini anakufa, Park anataka funguo za gari zilizolaliwa na yule mtu. Anainama kuzichukua na kubana pua. Ni sekunde moja tu. Mimi simtetei muuaji. Nasema ile pua niliijua.

Mama yangu yuko Cahi siku hizi, kwenye nyumba yake mwenyewe, matofali, ina jiko kubwa. Kabla hajaweka sambaza kwenye mafuta anafunga dirisha. Nilimuuliza mara moja. Alisema mafuta yanaruka.

Dada_Nguba

Kaka yangu.

Kijana_wa_Kigoma

Nipo ng'ambo ya ziwa lingine, nasoma kimya. MwanaWaBwayeri, umenimaliza.

Ila nina swali la kisiasa kidogo. Yule jamaa wa handakini, Geun-sae, kila Park akipanda ngazi anamwashia taa na kupiga kelele "Heshima!" Amebandika picha yake ukutani. Anakula chakula cha wizi miaka zaidi ya minne, hajaona jua, na bado anamshukuru Park kwa kumlisha. Park mwenyewe anadhani taa zinajiwasha. Bong alikuwa anamaanisha nini? Kichaa tu?

Bana_Lshi

Kigoma, acha nikujibu kutoka Lubumbashi, maana huku Geun-sae tunao wengi na si vichaa.

Babu yangu alikuwa mfanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya enzi za Wabelgiji. Walikuwa wanasema kazi ndiyo baba, ndiyo mama. Kampuni inakupa nyumba, unga, hospitali, shule ya watoto, na inajua mke wako kajifungua kabla ya ndugu zako. Kampuni hiyohiyo: Desemba 1941 wafanyakazi weusi waligoma wakitaka nyongeza, wakakusanyika kwenye uwanja wa mpira, askari wakawafyatulia risasi. Babu alikuwa mtoto, lakini hadithi ilimfikia. Na bado alisema "kampuni yetu" mpaka anazikwa.

Baba akairithi kampuni ikishaitwa Gécamines. Mishahara ilikatika miezi na miezi, halafu mwaka 2003 ikaja ile wanayoita kuondoka kwa hiari, zaidi ya watu 10,000 wakapewa kibahasha wakaenda nyumbani. Hiari ya nani, tusiulize. Kofia yake ya kazi bado imetundikwa sebuleni, anaifuta vumbi Jumapili. Ukimsema vibaya mkubwa wa kampuni mbele yake anakasirika. Akimwona mchimbaji mdogo, kijana anayejitafutia mawe kwenye mashimo, anamwita mwizi.

Hivyo ndivyo Geun-sae alivyo. Heshima inapanda ngazi, hasira inabaki chini na wenzetu. Yeye alipotoka handakini na kushika kisu alimtafuta nani? Chung-sook. Kwa Park alipaza sauti: "Heshima!"

Nyawera_Kijana

Bana Lshi, nimekuelewa. Siku za kampeni huku wanagawa tisheti na kitenge, mtu anavaa sura ya mheshimiwa kifuani miaka mitano, na barabara ya kwake haijaona lami. Sawa. Nakubali kwamba Park ana kosa moja: haoni. Lakini wizi ni wizi.

Fundi_Panzi

Mada mmeipeleka mbali, mimi nataka kurudi kwenye mteremko wa mwenye uzi, kuna sehemu ameruka.

Mteremko wa Bukavu haubebi maji peke yake. Mvua ikinyesha, chupa na mifuko yote ya Kadutu, kwa kuwa gari la taka hatulioni, inashuka kwenye mifereji, inaingia mto Kawa, inaingia ziwani, inaelea mpaka pale ziwa linapotoka kuwa Ruzizi. Hapo kuna bwawa la umeme. Plastiki inaziba mitambo, kuna watu kazi yao ni kuivua kila siku kwa mitumbwi, na mashine ikizidiwa, umeme unakatika. Unakatika Kadutu, ambako hatukuwa nao tangu asubuhi, na unakatika Muhumba pia.

Kwenye filamu uchafu wa choo unamrukia Ki-jung, anakaa juu ya mfuniko, anawasha sigara. Park wako juu, mtoto analala bustanini ndani ya hema lililoagizwa Marekani na halivuji. Bong aliwapa matajiri mteremko salama kabisa. Wetu hawana. Wana jenereta.

MtotoWaKadutu

Fundi, hapo kwenye jenereta nimecheka peke yangu kama mwendawazimu, na umenisahihisha kihalali. Nilisema Bukavu imegeuka kichwa chini, sikufikiri kwamba kilichoko juu kitashuka.

MwanaWaBwayeri, sina neno. Nitakutafuta kwa ujumbe wa faragha.

Nimalizie na ya Mama Mkubwa kuhusu mwisho wa filamu. Mnajua jinsi inavyokwisha: baba kajificha handakini, anatuma barua kwa kuwasha na kuzima taa, mwana anaisoma kutoka mlimani. Anamwandikia: nina mpango, nitapata pesa, nitainunua ile nyumba, wewe utapanda tu ngazi. Tunaona ameinunua, jua linawaka, baba anapanda, wanakumbatiana. Kisha kamera inashuka taratibu, na kijana yuko kwenye kile chumba cha nusu chini, usiku, theluji nje, barua mkononi. Hajanunua kitu. Na hana hata pa kuituma.

Betri ilibaki na asilimia nne. Mama Mkubwa akafunga maharagi kwenye kitambaa, ameridhika. "Ni muzuri. Aliuza ile nyumba."

Nikamwambia hapana, Mama, ilikuwa ndoto.

Kijana_wa_Kigoma

Subiri, aliiuza tena? Si ulisema hajainunua?

MtotoWaKadutu

Hahaha, samahani ndugu. Kwetu kuuza ni kununua. Kutoa kitu upewe pesa ni kuuzisha. Ukija Bukavu usije ukauza nyumba ya mtu bila kujua.

Basi nikamrudishia kipande kile, nikamwonyesha theluji, barua, dirisha. Akatazama mpaka kompyuta ikazima. Kesho yake umeme ulirudi saa tisa usiku, nikachaji, nikampelekea tena baada ya misa, nikamwonyesha mara ya pili, taratibu, bila kutafsiri.

"Aliuza," akasema. "Haukuona banakumbatiana?"